Uzi maalumu: Kuovakloki prosesa na kunoa taimingi za RAM bila kuharibu data

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Maswali kuhusu kuovakloki kompyuta za mezani, yaani kuziendesha kwa kasi zaidi ya ile ya kiwandani, mara nyingi hujibiwa kwa namba tupu: weka volteji hii, weka kizidishi hiki, hifadhi, washa mashine. Namba za namna hiyo haziwezi kumfaa kila mtu, kwa sababu prosesa mbili zenye jina moja hutofautiana uwezo tangu zinapotoka kiwandani. Moja inaweza kuhimili kasi fulani kwa volti 1.25, na nyingine ikadai volti 1.35 kwa kasi hiyohiyo. Nia yangu ni kueleza kinachotokea ndani ya mashine unapobadilisha kila thamani, ili kila mmoja azitafute namba zake mwenyewe. Nitangulize msimamo wangu mapema: kwa prosesa za miaka hii, faida kubwa iko kwenye RAM kuliko kwenye prosesa yenyewe, na hatari ninayoiogopa zaidi ni faili kuharibika kimyakimya, kuliko kifaa kuungua.

Tuanze na prosesa. Kasi yake hupatikana kwa kuzidisha kloki ya msingi, ambayo kwa kawaida ni 100 MHz, na kizidishi; 100 mara 50 ni 5000 MHz, yaani 5 GHz. Zamani watu walipandisha kloki ya msingi kwa kuwa vizidishi vya prosesa nyingi vilikuwa vimefungwa. Mfano unaotajwa mpaka leo ni Celeron 300A ya mwaka 1998. Kizidishi chake kilikuwa 4.5 na basi la mfumo lilikuwa la 66 MHz. Ukilipandisha basi hilo hadi 100 MHz, prosesa ilifika 450 MHz, ongezeko la asilimia 50, huku kache yake (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyomo ndani ya prosesa) ya KB 128 ikienda kwa kasi ileile ya prosesa. Mlango huo ulizibwa mwaka 2011 Intel ilipoleta kizazi cha Sandy Bridge, ambamo kloki ya msingi huendesha pia PCIe na SATA, hivyo ukiipandisha kwa zaidi ya megahezi chache, diski na kadi zilizochomekwa huanza kuyumba. Tangu hapo, kwa Intel kazi hii kwa kawaida hufanywa kwa kizidishi, kwa sharti kwamba prosesa iwe na herufi K na ubao mama uwe wa chipseti ya Z. Ryzen za AMD za mezani karibu zote zimefunguliwa, ila chipseti za A, kama A320 na A520, haziruhusu.

Sasa volteji. Umeme unaotumiwa na transista zinapofanya kazi hupanda sawia na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volteji. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10 bila kugusa volteji, matumizi ya umeme hupanda kwa asilimia 10. Ukilazimika kuongeza na volteji kwa asilimia 10, piga hesabu: 1.1 mara 1.1 mara 1.1 ni 1.331, yaani asilimia 33 zaidi, na karibu yote hugeuka joto ambalo kipozaji lazima kiliondoe. Joto nalo huongeza uvujaji wa umeme ndani ya transista, kwa hiyo matokeo halisi huwa mabaya kuliko hesabu hiyo. Ndiyo maana megahezi 100 za mwisho hugharimu umeme mwingi kuliko megahezi 300 zilizotangulia.

Jambo lililobadilika zaidi ni kwamba prosesa za leo hujiovakloki zenyewe. Hupima joto, wati na mkondo mara nyingi ndani ya sekunde moja, kisha hupandisha kasi mpaka zigonge mmojawapo wa mipaka hiyo. Nyingi za Ryzen 7000 zimeundwa kufanya kazi hadi nyuzi 95 za Sentigredi, na nyingi za Intel hadi nyuzi 100. Ukifunga kizidishi kimoja kwa viini vyote, utapata asilimia chache kwenye kazi zinazotumia viini vyote kwa pamoja, lakini utapoteza kasi ya juu ambayo kiini kimoja au viwili vingefikia vikiwa peke yao, na hiyo ndiyo kasi inayohisika unapofungua programu au kucheza michezo mingi. Siipendekezi njia hiyo kwa mashine ya kila siku.

Njia ninayoiamini ni kupunguza volteji, ili prosesa ipate nafasi ya kupanda yenyewe kabla ya kugonga mpaka wa joto au wa wati. Kwa Ryzen, kuanzia mfululizo wa 5000, kazi hiyo hufanywa kwa Curve Optimizer iliyomo kwenye BIOS (programu ya mipangilio ya ubao mama), ambayo huteremsha mstari mzima wa volteji wa kila kiini. Hatua moja ni takriban milivolti 3 hadi 5. Viini havilingani: vile ambavyo kiwanda kimeviona kuwa bora tayari vimepewa volteji ndogo na kasi kubwa, hivyo ndivyo huvumilia punguzo dogo zaidi. Anayeweka thamani moja kwa viini vyote atazuiwa na kiini kisichovumilia, na mara nyingi ni kile kilicho bora.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nashukuru kwa maelezo. Nimeweka Curve Optimizer hasi 30 kwa viini vyote. Cinebench, programu ya kupima kasi, inamaliza bila shida na alama zimepanda, lakini mashine inajiwasha upya ninaposoma ukurasa tu, au nikiiacha bila kazi. Je, tatizo laweza kuwa kwenye kitengo cha umeme?

Mleta uzi

Ndugu, kabla ya kulaumu kitengo cha umeme, angalia kwanza punguzo lenyewe, kwa sababu dalili ulizoeleza ndizo hasa za Curve Optimizer iliyozidi. Cinebench inapotumia viini vyote, kila kiini huenda kwa kasi ya wastani na mashine hugonga mpaka wa wati mapema, kwa hiyo sehemu ya juu kabisa ya mstari wa volteji haiguswi. Unaposoma ukurasa, kiini kimoja huamka kwa muda mfupi mno, huruka hadi kasi yake ya juu kabisa, kisha hulala tena. Hapo juu ndipo volteji uliyoikata ilipokuwa inahitajika.

Fungua kumbukumbu za matukio za Windows, upande wa mfumo, utafute tukio la WHEA-Logger (ripoti ya makosa ya vifaa) namba 18. Ndani yake kuna mstari unaotaja kitambulisho cha APIC, yaani namba ya uzi wa prosesa uliokosea. Kwa Ryzen yenye kipande kimoja cha viini na nyuzi mbili kwa kila kiini, gawanya namba hiyo kwa mbili: 8 au 9 humaanisha kiini namba 4, ukianza kuhesabu kutoka sifuri. Kwenye prosesa ambazo baadhi ya viini vimezimwa kiwandani namba zinaweza kuruka, kwa hiyo zilinganishe na zile zinazoonyeshwa na HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine. Kipandishe kiini hicho peke yake kutoka hasi 30 hadi hasi 20, viache vingine kama vilivyo, kisha upime tena.

Kwa kupima, tumia CoreCycler, ambayo huendesha Prime95 kwenye kiini kimoja baada ya kingine, ili kila kimoja kipate zamu ya kufika kasi yake ya juu. Prime95 yenyewe iliandikwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa za Mersenne katika mradi wa GIMPS ulioanza mwaka 1996, na inafaa kwa kazi yetu kwa sababu hukagua hesabu zake na kutangaza kosa la ukadiriaji papo hapo. Programu ambayo haikagui majibu itakuambia tu kwamba mashine haijazima. Haitakuambia kwamba imekokotoa vibaya.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuongezea upande wa Intel. Wenye prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 wasasishe BIOS kabla ya kugusa chochote. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa hizo za mezani zilikuwa zikidai volteji kubwa kupita kiasi katika hali fulani, na kwamba volteji hiyo ilikuwa ikichakaza sakiti ndani yake mpaka zinaanza kuyumba hata kwa mipangilio ya kiwandani. Maikrokodi (programu ndogo inayoongoza prosesa kwa ndani) ya 0x129, iliyotoka Agosti mwaka huo, iliweka ukomo wa volti 1.55 kwa maombi ya volteji, ikafuatiwa na 0x12B. Dhamana pia iliongezwa miaka miwili kwa prosesa zilizohusika. Mtu mwenye BIOS ya zamani anaweza kuhangaika na taimingi za RAM (muda ambao RAM husubiri kati ya hatua zake) usiku kucha kumbe prosesa yenyewe imeshachoka.

Jambo la pili ni urekebishaji wa mteremko wa volteji, ule unaoandikwa LLC kwenye BIOS. Mzigo unapoongezeka ghafla, volteji hushuka kidogo, na watu wengi huona kushuka huko kama kasoro, kisha huweka LLC kwenye ngazi ya juu kabisa ili mstari unyooke. Kushuka huko kumekusudiwa. Mzigo unapoondoka ghafla, volteji huruka juu kwa muda mfupi kabla kidhibiti hakijaituliza, na LLC ikiwa kali mruko huo huwa mkubwa. HWiNFO haiwezi kuuona kwa sababu husoma mara chache mno, hivyo unayeangalia skrini utaamini kwamba volteji imetulia. Mimi hupendelea ngazi ya kati.

Mleta uzi

Nakubaliana na mchango huo wote. Nitaongeza neno moja kuhusu prosesa za X3D, yaani za AMD zenye kache ya ziada. Kwenye Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022, kache ya ziada ilibandikwa juu ya viini, ikawa kama blanketi juu ya sehemu inayotoa joto, na kizidishi kikafungwa. Kwenye 9800X3D ya mwaka 2024 kache ilihamishiwa chini ya viini, joto likapata njia ya moja kwa moja kwenda kwenye kipozaji, na kizidishi kikafunguliwa. Kwa hiyo msichukue ushauri wa prosesa moja mkaupeleka kwa nyingine kwa sababu tu majina yanafanana.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, umesema faida iko kwenye RAM. Mimi nimewasha EXPO, ikasoma 6000 na CL36, na mashine inafanya kazi. Kuna haja gani ya kwenda mbali zaidi ya hapo?

Mleta uzi

Swali zuri, na jibu lake ni refu, kwa hiyo naomba uvumilivu.

XMP, ambayo Intel iliileta mwaka 2007 enzi za DDR3, na EXPO, ambayo AMD iliileta mwaka 2022 pamoja na Ryzen 7000, ni orodha ya thamani ambazo mtengenezaji wa RAM ameziandika kwenye chipu ndogo iliyomo kwenye moduli. Bila kuwasha orodha hiyo, RAM hufanya kazi kwa kiwango cha JEDEC (shirika linaloweka viwango vya RAM), kwa mfano 4800 kwa volti 1.1 kwa DDR5 nyingi za mwanzo. Ukiiwasha tayari umeovakloki, ingawa wengi hawalioni hivyo, na umeovakloki si RAM peke yake: umeovakloki pia kidhibiti cha RAM kilichomo ndani ya prosesa, ambacho mtengenezaji wa RAM hakukipima.

Tuchukue namba zako. Inayosomeka 6000 ni idadi ya mapitisho ya data, mamilioni 6000 kwa sekunde; kloki halisi ni nusu yake, 3000 MHz, na mzunguko mmoja huchukua nanosekunde 0.333. CL36 ni mizunguko 36, yaani nanosekunde 12 za kusubiri tangu amri ya kusoma mpaka data ianze kutoka. CL30 kwa kasi hiyohiyo ni nanosekunde 10. DDR4 ya 3200 yenye CL16 nayo ni nanosekunde 10, na DDR5 ya 4800 yenye CL40 ni nanosekunde 16.7. Kwa hiyo anayelinganisha namba za CL bila kuangalia kasi anajidanganya, na anayelinganisha kasi bila kuangalia CL vilevile.

Lakini CL, ambayo ndiyo namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti, haibebi faida kubwa kama watu wanavyodhani. Nitaonyesha mahali ambapo muda mwingi hupotea. Kila biti ya RAM ni chaji ndogo ndani ya kapasita inayovuja, na bila kuburudishwa data hupotea. Wakati wa kuburudisha, eneo linaloburudishwa halisomeki wala haliandikiki. Thamani mbili hutawala kazi hiyo: tRFC ni muda wa kuburudisha, na tREFI ni muda unaopita kati ya burudisho moja na jingine. Kwa chipu za DDR5 za gigabiti 16, kiwango cha JEDEC cha tRFC ni nanosekunde 295, na tREFI ni mikrosekunde 3.9. Gawanya: 295 kwa 3900 ni karibu asilimia 7.6 ya muda wote ambao RAM haipatikani. Chipu za kampuni ya Hynix, aina ya A na aina ya M, kwa kawaida hukubali tRFC ya nanosekunde 160, ambayo kwa 6000 ni mizunguko 480. Ukiiweka hiyo, na ukapandisha tREFI hadi mizunguko 65535, ambayo ni mikrosekunde 21.8 hivi, upotevu hushuka hadi asilimia 0.7. EXPO ya kawaida haigusi tREFI hata kidogo, na tRFC mara nyingi huiacha karibu na kiwango cha JEDEC. Faida hiyo yote imelala kwenye BIOS yako sasa hivi.

Mpangilio ninaoufuata ni huu. Kwanza ninahakikisha moduli mbili ziko kwenye sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kwa sababu mbao mama nyingi zimechorwa kwa ajili ya sloti hizo. Kisha natafuta kasi ambayo kidhibiti kinaimudu kwa uwiano wa moja kwa moja. Kwa Ryzen 5000, RAM ya 3600 huenda pamoja na Infinity Fabric (njia ya data ndani ya prosesa za AMD) ya 1800 MHz, na prosesa nyingi hufika 1900. Kwa Ryzen 7000 na 9000, 6000 ndiyo kasi salama ambayo kidhibiti huenda sawa na kloki ya RAM. Ukipanda mno, ubao hukishusha kidhibiti hadi nusu ya kasi na ucheleweshaji huongezeka, hivyo unaona namba kubwa kwenye skrini huku michezo ikipungua kasi. Intel nao, tangu kizazi cha 11 cha mwaka 2021, wana uwiano huo kwa jina la Gear 1 na Gear 2.

Kasi ikishathibitika, ninashusha tRFC, kisha CL, tRCD na tRP, kisha tRRD na tFAW, ambazo ni taimingi nyingine za kusubiri zilizomo kwenye BIOS. Kwa tFAW, kushuka chini ya mara nne ya tRRD_S hakuleti faida, kwa sababu tRRD_S yenyewe ndiyo inayoweka ukomo. tREFI huwa ya mwisho, na sababu yake nitaieleza kwenye upimaji. Ninabadilisha kitu kimoja, ninapima, ninakiandika kwenye daftari, kisha naenda kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja na kosa likatokea, huna njia ya kujua ni kipi kilicholeta.

Kuhusu volteji, kwa Ryzen 7000 usizidishe volti 1.3 kwa SOC, sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM. Aprili 2023 zilionekana prosesa za Ryzen 7000X3D zilizoungua pamoja na soketi zake, na AMD ikatoa BIOS iliyofunga volteji hiyo kwenye 1.3. Nyingi huenda 6000 kwa volteji ya chini ya hapo, kwa hiyo ni vizuri kuishusha badala ya kuiacha pale ubao ulipoiweka.

Mchangiaji wa nne

Nina moduli nne za DDR5, zote aina moja. Kwa nini hazikubali 6000 wakati zikiwa mbili zinakubali?

Mleta uzi

Ni kwa sababu kila chaneli sasa ina moduli mbili kwenye waya uleule, na mawimbi ya umeme hudunda kwenye kila kiungio. AMD wenyewe, kwa Ryzen 7000, wanatangaza 5200 kwa moduli mbili na 3600 tu kwa moduli nne. Kama unahitaji ujazo huo, kubali kasi ndogo na unoe tRFC na tREFI, ambazo bado zitakulipa. Kama huuhitaji, toa mbili. Anayejenga mashine mpya na kutaka ujazo mkubwa achukue moduli mbili kubwa tangu mwanzo.

Mleta uzi

Sasa upimaji, ambao kwangu ndio kiini cha uzi huu.

Prosesa ikikosea kwa wingi, mashine huzima na unajua. RAM ikikosea biti moja, huenda usijue kwa miezi. Biti hiyo inaweza kuwa ndani ya picha unayoinakili, ndani ya faili lililobanwa ambalo hutalifungua mpaka utakapolihitaji, au ndani ya jedwali la mfumo wa faili. Hata anayetumia mifumo ya faili ya ZFS au Btrfs, ambayo huhifadhi alama za ukaguzi za kila kipande, hajasalimika, kwa sababu data iliyoharibika kwenye RAM kabla alama haijakokotolewa huandikwa diskini ikiwa na alama iliyo sahihi. Nakala ya akiba itaibeba vilevile.

Kwa DDR5 kuna jambo jingine linalopotosha. Chipu zake zina urekebishaji makosa wa ndani, na watu husoma hilo wakaamini wana RAM ya seva, ile inayorekebisha makosa mpaka kwenye prosesa. Urekebishaji huo hushughulikia biti zilizomo ndani ya chipu tu. Data ikiwa njiani kati ya moduli na prosesa hailindwi nao, na mfumo endeshi hauarifiwi kilichorekebishwa. Kwa hiyo unaweza kuwa ukingoni bila kuona dalili yoyote.

Kila ninapobadilisha kasi au taimingi kubwa, huanza na MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye diski ya USB, kabla Windows haijaguswa. Kuwasha mfumo endeshi kwa RAM isiyothibitishwa ni kuuruhusu uandike kwenye diski yako kupitia RAM hiyo. Ikipita, naingia kwenye mfumo na kuendesha TM5 kwa mpangilio wa anta777, au Karhu, nazo ni programu za kupima RAM, kwa sababu zina mifumo ya uandishi inayobana zaidi. Kisha y-cruncher, programu ya hesabu nzito, na Prime95 katika hali ya FFT kubwa (hesabu zinazotumia RAM nyingi), ambazo hubana kidhibiti na RAM kwa pamoja. Kila moja huona kitu ambacho nyingine haikioni. Mashine iliyopita TM5 usiku kucha inaweza kuanguka kwenye y-cruncher ndani ya dakika, na hapo kosa mara nyingi liko kwenye kidhibiti au volteji ya SOC kuliko kwenye taimingi.

Infinity Fabric ina tabia yake. Ikipandishwa kupita uwezo, njia hiyo hugundua makosa na kurudia kutuma, hivyo mashine haizimi ila alama hushuka badala ya kupanda. Angalia pia tukio la WHEA namba 19 kwenye kumbukumbu za matukio. Likijitokeza hata mara moja, shusha Fabric hatua moja.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, nimefuata mpangilio wako. Nina 6000, CL30, tRFC 480, tREFI 65535. TM5 ilipita usiku mzima bila kosa. Jana baada ya kucheza mchezo mzito kwa muda mrefu niliiendesha tena papo hapo, ikatoa makosa mawili. Nilipoiendesha asubuhi, haikutoa kosa. Sijabadilisha chochote kati ya hapo.

Mleta uzi

Kilichobadilika ni joto. Kadi ya michoro hupuliza hewa moto, na katika visanduku vingi hewa hiyo hupanda moja kwa moja kwenye RAM. Moduli za DDR5 nazo zina kidhibiti cha umeme juu yake, ambacho huongeza joto lake. Chaji ndani ya kapasita huvuja haraka zaidi kadiri joto linavyopanda, na wewe kwa tREFI 65535 umezipa muda mrefu sana wa kuvuja kabla ya kuburudishwa. Usiku, kadi ya michoro ikiwa imelala, chaji ilidumu. Baada ya mchezo, haikudumu. Ndiyo sababu nilisema tREFI iwe ya mwisho.

Fungua HWiNFO, utafute sehemu ya DIMM, kila moduli ina kipima joto chake. Andika joto la juu kabisa wakati wa TM5 ya usiku, kisha andika la baada ya mchezo. Nisingeshangaa ukiona tofauti ya nyuzi 10 au zaidi.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuelekeza feni ndogo kwenye RAM, na kama moduli zako zinafanya kazi kwa volti 1.4, jaribu 1.35, kwa kuwa volteji nayo ni chanzo cha joto. Ya pili, ambayo mimi ningeifanya hata kama feni ipo, ni kushusha tREFI hadi 32767. Hesabu yake ni hii: nanosekunde 160 kwa mikrosekunde 10.9 ni asilimia 1.5. Kutoka asilimia 7.6 hadi 1.5 umeshachukua sehemu kubwa ya faida. Hiyo asilimia 0.8 iliyobaki hutaihisi popote, na ndiyo iliyokuletea makosa.

Ukishaibadilisha, usiipime mashine ikiwa baridi. Endesha mzigo wa kadi ya michoro sambamba na TM5, kisanduku kikiwa kimefungwa, mpaka joto la moduli lifike pale lilipofika baada ya mchezo, kisha liache lizunguke hivyo kwa saa kadhaa. Kabla ya kuanza, hifadhi mpangilio wa sasa kwenye nafasi ya wasifu ya BIOS, na uhakikishe faili ulizoziandika tangu jana zipo mahali pengine pia. Zile ulizozibana fungua kila moja na ulikague sasa, wakati nakala za awali bado unazo.